Nyumba za Theluji za Yokote

Katika jimbo la Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani, pana mji uitwao Yokote, uliokaa bondeni baina ya milima ya Ou iliyo mashariki na vilima vya Dewa vilivyo magharibi. Na kwa kuwa pepo za majira ya baridi zitokazo Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana vuguvugu kuliko hewa, zikabeba unyevu mwingi na kupanda nao milimani, theluji huushukia mji huo tangu Desemba hata Machi, na miaka mingine hurundikana ikapita kimo cha mtu.

Aliyelelewa pwani aweza kudhani ya kuwa theluji ni pambo la mlima tu, mfano wa ile kofia nyeupe ya Kilimanjaro itazamwayo kwa mbali. Walakini kwa watu wa Yokote theluji ni kazi, tena kazi isiyokubali kuahirishwa. Kabla ya majira kuanza, miti ya uani hutegemezwa kwa nguzo na kamba ili matawi yasikatike, na nyumba hukingwa kwa mbao. Asubuhi mwenye nyumba hutoka na koleo kufungua njia ya mlangoni pake, na theluji ikizidi hana budi kupanda juu ya paa aishushe, maana uzito wake waweza kuivunja nyumba. Katika nchi hizo za theluji hapiti mwaka wasianguke watu kutoka mapaani wakafa, na aghalabu hao ni wazee, kwa kuwa vijana wengi wamekwenda kutafuta riziki katika miji mikubwa.

Chakula nacho kimefuata hukumu ya majira. Mahali pengine Japani figili ndefu nyeupe huanikwa juani kabla ya kutiwa achari, lakini huku jua la mwisho wa vuli ni haba na theluji haikawii. Basi wazee walizitundika darini juu ya meko, moshi wa kuni ukazikausha, kisha wakazizika katika wishwa na chumvi. Achari hiyo huitwa iburigakko, na hata leo watu wa Sannai, upande wa milimani, husifika kwa kuitengeneza.

Na katika mtaa wa Masuda, ambao umekuwa sehemu ya mji huu tangu mwaka 2005, wafanyabiashara wa zamani walijenga ghala zao ndani ya nyumba, ili theluji isizile kuta. Ni majengo ya udongo mnene, yaliyopakwa lipu nyeusi ikasuguliwa hata ikang'aa kama kioo, nayo yamefunikwa na paa la nyumba, hata mpita njia asijue kwamba yamo. Zilikuwa ni sitara za ahali, na mgeni hakuonyeshwa. Siku hizi baadhi yake zimefunguliwa kwa watazamaji, na mwaka 2013 serikali iliutia mtaa huo katika hifadhi.

Usiri huo wa zamani ndio unaonifanya niistahi zaidi desturi yao nyingine. Watu hao hao waliokificha kilicho bora chao ndani ya nyumba zao, hujenga nyumba ambayo haina mlango kabisa, wakamwita ndani yake kila apitaye. Nyumba hiyo ni ya theluji, huitwa kamakura, na siku zake za jadi ni tarehe 15 na 16 Februari. Katika ukuta wa ndani huchongwa kidaka cha kumweka mungu wa maji, akawekewa mishumaa na sadaka. Chini hutandikwa mikeka, na watoto, wamevaa makoti yaliyojazwa pamba, huketi wakilizunguka seredani la makaa, wakichoma mikate ya mchele wa kunata na kupasha moto amazake, kinywaji kitamu cha mchele kinachoshabihiana na togwa yetu.

Msomaji atauliza, waliozikwa na theluji wana haja gani ya kuomba maji? Wenyeji husema desturi hii ina umri wa yapata miaka 450, na ya kuwa zamani, katika mwezi wa kwanza wa kalenda ya kale, watu wa mitaa ya biashara walikuwa wakifanya ibada penye visima, wakiomba maji safi yasikatike. Nao wana wa ukoo wa askari walichoma mapambo ya mwaka mpya ndani ya kuta za theluji. Mambo hayo yakachanganyika na mashimo waliyochimba watoto kwa mchezo. Tena mpunga wa bondeni hunywa maji ya theluji hiyo hiyo ikiyeyuka.

Kwetu mgeni hupiga hodi ndipo akaribishwe. Yokote mtoto humtangulia mgeni, humwita kwa lahaja ya kwao, "Haittetanse," yaani karibuni ndani, kisha, "Ogandetanse," yaani mwombeni mungu wa maji. Mgeni huvua viatu, huweka sarafu, hupokea kikombe. Bruno Taut, msanifu majengo wa Kijerumani aliyeikimbia nchi yake, aliyaona hayo mwaka 1936 akayaandika kwa mapenzi makubwa.

Leo Akita ndilo jimbo lenye sehemu kubwa ya wazee kuliko majimbo yote ya Japani, na mikono midogo imepungua. Nazo nyumba hizo za theluji hujengwa na mafundi watu wazima: huirundika theluji, wakaikanyaga, wakaiacha siku kadhaa ishikamane, kisha wakaifukua kwa ndani, kimo chake yapata mita 3. Usiku ukiingia hutia koleo zao begani wakaondoka, wakawaachia watoto pa kuketi.