Muulize Aliyeshuka Jana

Katika lugha yetu, anayeulizwa hali hujibu "njema" kabla hajajichunguza. Hata mgonjwa anayetetemeka kwa homa husema kwanza "sijambo", ndipo aeleze yaliyomleta. Mhudumu wa afya mzoefu hujua kwamba jibu hilo la kwanza ni adabu, wala si taarifa. Hutulia, kisha huuliza tena kwa namna nyingine. Busara hiyohiyo humfaa mtu anayejiandaa kwenda kukwea miamba ya Mlima Kenya. Akimpigia simu mwongozaji wa Naro Moru na kumwuliza, "Mlima hali yake ikoje?", ataambiwa, "Mzuri tu, karibu." Amekaribishwa kwa heshima, lakini hajaambiwa lolote kuhusu mlima.

Swali hili lina uzito zaidi kati ya Desemba na Februari, wakati wageni kutoka Ulaya wanapoikimbia baridi ya kwao na kuja na kamba zao, na baadhi ya wenzetu nao wakiwa likizoni. Wengi hudhani kwamba mlima ulio karibu kabisa na ikweta hauna majira ya baridi. Ukweli ni kwamba Mlima Kenya una majira mawili kwa wakati mmoja. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huelekea kaskazini, na miamba ya upande huo hukauka na kukweleka, ilhali ile ya kusini hushikwa na theluji na barafu. Ifikapo Desemba mambo hugeuka: kusini hukauka, kaskazini huganda. Kwa sababu hiyo njia ya kawaida ya kilele cha Nelion, chenye mita 5,188, hukwewa zaidi katika miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka, na njia ya kaskazini ya Batian, chenye mita 5,199, husubiri katikati ya mwaka. Mtu aliyesoma habari za Agosti akaja nazo Januari atakuta barafu mahali alipotarajia mwamba mkavu.

Kitabu cha njia kinaweza kukueleza hayo. Hakiwezi kukueleza ya wiki hii. Mvua za vuli zinaweza kuchelewa kukoma na kuacha theluji kwenye nyufa. Barafu ya Lewis, ambayo wakweaji wa Nelion wamekuwa wakiivuka tangu enzi za Mackinder aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899, imepungua sana kwa miaka mingi. Barafu inapoondoka, mawe yaliyokuwa yameshikwa nayo hulegea, na mahali pa kuanzia kukwea hubadilika. Anayeyajua hayo ni yule aliyepita huko juzi: mwongozaji, mpagazi, askari wa hifadhi, au mkweaji mwenzako aliyeshuka jana.

Basi tuulizeje? Daktari akitaka historia ya ugonjwa haulizi swali linalojibiwa kwa "ndiyo" pekee. Badala ya kuuliza kama njia ni salama, uliza: Ni lini mara ya mwisho ulipofika chini ya mwamba wenyewe? Barafu ilianzia wapi, nanyi mlivaa viatu vya meno ya chuma? Mawe yalianguka saa ngapi? Mawingu yalifunga kabla au baada ya adhuhuri? Maji mliyapata wapi? Kisha uliza swali linalozidi yote: Nani aligeuka nyuma mwezi huu, na kwa sababu gani? Habari za waliofika kileleni husimuliwa bila kuombwa. Za waliorudi njiani sharti ziulizwe, na humo ndimo mlimo hatari.

Tukumbuke pia kwamba anayejibu ana familia, na safari yako ndiyo riziki yake. Si rahisi kwake kumwambia mgeni aliyekwisha kulipia ndege kwamba asije. Mrahisishie kusema ukweli. Mwambie mapema kwamba malipo yake hayatapungua mkigeuka, na kwamba una mpango wa pili, kwa mfano kuishia Lenana, kilele cha mita 4,985 kinachofikiwa kwa miguu bila kamba. Mwongozaji aliyehakikishiwa hivyo atasema "sasa hapana" bila kuogopa kulala njaa.

Yapo maswali mengine ambayo mwenyeji hawezi kuyajibu peke yake, kwa kuwa yamo ndani ya mwili wa msafiri. Karibu na mita 5,000 shinikizo la hewa ni takriban nusu tu ya lile la pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwili huzoea, lakini kwa siku na wala si kwa saa. Ushauri unaokubalika ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku ya kupumzika. Sasa tazama njia ya Naro Moru: gari huweza kukufikisha kwenye kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, siku uliyotoka Nairobi, na kesho yake wengi hulala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Wepesi wa barabara ndio mtego wenyewe. Ongeza usiku mmoja au miwili chini, kawia ufike.

Kichwa kinachouma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu ni dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe, na zikizidi ashuke. Akianza kuyumba, akashindwa kutembea kisigino kwa kidole katika mstari ulionyooka, au akachanganyikiwa, ubongo wake unavimba. Akihema hata akiwa ameketi, akakohoa na kifua kikakoroma, mapafu yake yanajaa maji. Hali hizi mbili huua, na tiba yake ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku, bila kumwacha mgonjwa peke yake. Oksijeni na dawa husaidia, ila hazichukui nafasi ya kushuka. Asetazolamaidi hupunguza uwezekano wa kuugua. Itumike kwa ushauri wa daktari, hasa kwa aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa, na isiwe kibali cha kukimbilia juu.

Wahudumu wa kliniki wasisahau swali moja linalohusu sana jamii zetu: selimundu. Mwenye ugonjwa huo hafai kwenda kwenye mwinuko huo. Hata aliyerithi chembe ya urithi moja tu, na ambaye nyumbani haugui, anaweza huko juu kupata maumivu makali ya ubavu wa kushoto kwa sababu wengu umekosa damu. Maumivu hayo yasiitwe kichomi cha uchovu. Ashushwe apelekwe hospitali. Wenye maradhi ya moyo au mapafu, na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kupanga safari.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna helikopta. Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian pale Judmaier alipoanguka na kuvunjika mguu vibaya. Wakweaji wa Kenya walipanda kumsaidia, na waokoaji wengine wakaja kwa ndege kutoka Innsbruck. Hata hivyo ilichukua zaidi ya wiki moja kumshusha, na rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alianguka nayo akafa. Judmaier alipona. Wote wawili walikuwa na elimu ya tiba, lakini mlima haukufupisha njia kwa ajili hiyo.

Mwisho, maswali haya yasiishie kwa mgeni. Mpagazi anayebeba hema lako ana mapafu kama yako, na mara nyingi nguo zake ni nyepesi kuliko zako. Kila jioni muulize naye kama kichwa kinamuuma. Atakujibu "sijambo". Tulia kidogo, kisha umuulize tena.