Msimbazi: mto usiosahau njia yake

Ukitaja Msimbazi hapa Bongo Dar, mshikaji yeyote atakuuliza, "Simba kacheza na nani?" Mto wenyewe wengi wanaujua kwa harufu tu, wakiwa wamebanana ndani ya daladala.

Kwa taarifa yako, mto huu haukuzaliwa mchafu. Unaanzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe, penye msitu wa asili, kima na ndege kibao. Toka huko hadi baharini ni kilomita 35 hivi. Njiani unapokea maji ya mto Luhanga, Ubungo na Sinza, pamoja na maji ya vyoo, taka za viwandani na chupa za plastiki. Ule mchicha wa bondeni unanawiri kweli, lakini watafiti wameshakuta madini ya risasi kwenye mboga za huko.

Ajabu ni kwamba mwisho wa mto bado una uhai. Fika daraja la Salenda maji yakiwa yamekupwa, halafu uangalie kwenye mikoko. Kaa wanachungulia mashimoni, visamaki vinarukaruka juu ya tope, na yangeyange wanapita taratibu kama mabwana afya. Mikoko hiyo ndiyo inayonasa tope na kupunguza nguvu ya mawimbi.

Balaa liko katikati, Jangwani. Pale ni kitanda cha mto. Kiangazi mto unalala, watu wakaona eneo la bure, wakajenga. Desemba 2011 ikanyesha mvua ambayo haijaonekana tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa jijini. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, lakini baadhi wakarudi, maana riziki yao iko Kariakoo. Tena si walalahoi peke yao: hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale, na mafuriko yakaifuata.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: kupanua mto, kujenga daraja refu la Jangwani na kutengeneza bustani. Poa sana. Lakini daraja halizuii chupa unayoitupa Tabata isifike Salenda.

Na akija dalali kukuuzia kiwanja cha bondeni kwa bei ya kutupa wakati wa kiangazi, mwambie, "Kaka, tukakione masika."