Chumba Kinacholala Ubavu

Mwaka jana mwenye boti mmoja alinishusha ndani ya boti kuukuu aliyokuwa ameinunua wiki ileile, akanyoosha mikono kushoto na kulia, na vidole vyake vilipogusa pande zote mbili akanigeukia kwa huzuni. "Fundi, bomoa kuta hizi. Nataka nafasi."

Nikamwambia, "Hiyo nafasi unayoitaka, mzee wangu, ndiyo itakayokuvunja mbavu."

Boti ya tanga ikiwa safarini haikai wima. Kusi ikishika, hulala ubavu digrii 15 au 20, na hubaki hivyo mpaka nahodha abishe, kisha hulalia upande wa pili. Ukuta unageuka nusu sakafu. Kikombe kilichotulia mezani bandarini sasa kiko mlimani. Aliyesimama katikati ya chumba kipana, hana pa kushika, hurushwa mpaka aangukie pembe ya meza. Aliyesimama kwenye ujia mwembamba huegemeza nyonga upande huu, mkono upande ule, na chai yake haimwagiki. Wateja huja na picha za sebule. Mimi huwauliza kwanza watashika wapi.

Jahazi la kale halikuwa na mgogoro huu, kwa kuwa ndani yake palikuwa pa shehena. Mabaharia walilala juu, walipika kwenye sanduku lililojazwa mchanga, na choo kilikuwa kizimba kilichoning'inizwa nje, huko tezini. Mpango huo una akili kuliko unavyosikika: moto, moshi na harufu vyote viko nje. Aliyeamua kuviingiza ndani ya ganda la faiba lisilofika mita nane ndiye aliyetupatia sisi kazi.

Boti yenyewe ilikuwa Westerly Centaur, ya Uingereza. Aina hiyo iliundwa kuanzia 1969 hadi 1980 kwa michoro ya ofisi ya Laurent Giles, na zilitoka zaidi ya 2,400. Ina urefu wa futi 26, upana wa mita 2.57 na uzito wa tani tatu hivi. Ina mikuku miwili badala ya mmoja, kwa hiyo maji yakipwa hukaa wima juu ya tope bila kushikiliwa na mtu. Kwa hori zetu, kama Mtwapa na Kilifi, hiyo ni neema. Lakini upana huo wa mita 2.57 ni wa nje, tena pale palipo papana zaidi. Ubavu hujipinda ukishuka, na chini kabisa, kati ya makochi mawili, unabakiwa na ujia tu.

Hapo ndipo hesabu huanza, na huanza na mwili wa mtu, kwa sababu mwili haupungui ati boti ni ndogo. Kitanda kinataka karibu mita 2 za urefu na sentimita 60 mabegani. Miguuni 40 zinatosha, na miguu inaweza kuingia chini ya kabati au chini ya jiko, haihitaji dirisha. Kiti kinataka sentimita 45 kutoka sakafuni, pamoja na godoro, na 90 nyingine juu yake ili kichwa kisigonge dari. Meza ya kupikia, 90. Ukivipanga vipimo hivi juu ya mchoro, utaona vinagombana, na kazi ya mbunifu ni kuamua nani alale chini ya nani.

Mwenye boti alitaka kitanda cha watu wawili katikati, pale palipo papana. Nikamuuliza usiku wake mwingi atalala wapi: safarini au kwenye nanga? Akafikiri, akasema nanga. Basi kitanda cha wawili kiende omo. Omo ni pahali pabaya pa kulala chombo kikiwa kinapanda na kushuka mawimbi, lakini kwenye nanga hapana pazuri zaidi, maana boti iliyotia nanga huelekeza omo yake kwenye upepo, na tundu la sitaha lililo mbele huingiza hewa moja kwa moja. Makochi mawili ya katikati yabaki membamba, kila moja na kipande cha turubai kilichofungwa ubavuni ili anayelala upande wa joshi asibiringike. Kitanda kipana baharini ni adhabu. Usiku kucha utakuwa unabingirika.

Hiyo hewa ya omo inastahili neno zaidi. Boti hizi zilichorwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ambako mtu anataka kufunga milango na kubaki na joto lake. Sisi tunataka kinyume chake. Kila mlango unaoweka kati ya omo na ngazi ni kizuizi cha upepo, na kila kabati lisilo na matundu ni shamba la kuvu. Milango miwili niliitoa, nikaweka pazia. Chini ya magodoro niliweka mbao nyembamba zilizoachana vidole viwili, na milango ya makabati nikaitoboa matundu juu na chini.

Jikoni ndiko nilikokuta kichekesho. Mwenye boti wa awali alikuwa amelihamisha jiko akaliegemeza kwenye kiambaza, yaani ukuta unaoikata boti, kwa kuwa hapo lilipendeza. Jiko la boti huning'inizwa kwa pini mbili ili libembee. Pini moja lazima ielekee omo na nyingine tezi. Hapo boti ikilala, jiko hubaki sawa. Ukiligeuza robo, litabembea mbele na nyuma tu. Tulitoka nalo hivyo siku ya majaribio. Boti ikalala, jiko likalala nayo, na sufuria ya maharage ikashuka taratibu kama mtu aliyeitwa. Tukalirudisha ubavuni, karibu na ngazi, ambako mtikisiko ni mdogo na mvuke unatoka. Mtungi wa gesi ulihamia juu, kwenye kasha lake lenye tundu la kutokea nje ya boti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani haipai. Inashuka mpaka kwenye ngama, inatulia hapo ikisubiri cheche.

Sasa viambaza. Zile kuta za mbao zinazoikata boti kutoka ubavu hadi ubavu si mapambo. Katika boti ya aina hii mlingoti unasimama juu ya sitaha, na waya zinazoushikilia zikikazwa huusukuma chini kwa nguvu nyingi. Kiambaza cha mbele na nguzo zake ndicho kinachoupokea mzigo huo na kuufikisha chini kwenye ganda, huku kikiuzuia ubavu usikunjike. Niliwahi kuitwa kwenye boti nyingine ambayo mwenyewe alikata nusu ya kiambaza hicho ili "nyumba ipumue". Malalamiko yake hayakuwa ya mlingoti. Alisema mlango wa choo umekataa kufunga. Sitaha ilikuwa imebonyea, fremu ya mlango imekwenda upande, na waya zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzitikisa kwa kidole. Ukiona mlango wa ndani unagoma kila waya zinapokazwa, acha mlango. Tazama juu yake.

Kiambaza kilichooza hubadilishwa, hakiondolewi. Na kinapobadilishwa, ukingo wa mbao mpya usikandamize ubavu wa faiba moja kwa moja, kwa maana hapo hapatapinda kama jirani zake na mwishowe hupasuka. Acha upenyo wa sentimita moja, jaza ukanda wa sponji ngumu, lainisha kona kwa uji wa resini, kisha bandika kitambaa cha faiba pande zote mbili, kila tabaka pana kuliko lililotangulia. Tumia epoksi, hiyo hushika vizuri mbao na faiba ya zamani kuliko resini ya kawaida. Kwa joto letu ichanganywe kidogo kidogo, asubuhi mapema. Kikopo kikijaa hutoa moshi kabla hujachovya brashi.

Mbao nayo ina mtego. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mombasa au Dar es Salaam ukaomba "marini bodi", utapewa ile yenye ngozi ya kahawia au nyeusi wanayomwagia zege. Jina lake limewaponza wengi. Ngozi yake laini haishiki resini, na tabaka zake za kati mara nyingi zina mapengo. Tafuta plaiwudi ya vyombo vya baharini, yenye chapa ya BS 1088. Ukiishuku, kata kipande kidogo, kichemshe saa kadhaa kwenye sufuria usiyoipenda, kikaushe, kisha kichemshe tena. Kikiachana, umeokoa pesa zako. Mimi hutumia milimita 12 kwa viambaza na 9 kwa vitanda.

Uzito nao usiusahau. Tangi la lita 100 za maji ni kilo 100, na ukilitupa chini ya kochi la kushoto bila kitu cha kulijibu kulia, boti itakaa upande hata ikiwa kwenye nanga, na wali utaegemea ukingo mmoja wa sahani. Maji na betri viwekwe chini na katikati. Wanamaji wa zamani walijua kupanga farumi. Tena kila valvu inayoziba tundu la ganda ifikike kwa mkono bila kung'oa skrubu hata moja. Maji yakiingia usiku hutakuwa na muda wa kutafuta bisibisi.

Yote hayo niliyajaribu kwanza kwa kadibodi. Duka la friji lilitupa maboksi, tukayakata kwa vipimo, tukayabana kwa gundi ya karatasi, na mwenye boti na mkewe wakalala humo siku tatu. Siku ya pili mama akagundua kuwa akiketi pale tulipopanga, mpishi hawezi kufungua sanduku la barafu. Kisu kimoja na dakika kumi, tukaligeuza sanduku lifunguke kwa juu. Hata bila tatizo hilo linapaswa kufunguka kwa juu, maana hewa baridi ni nzito na mlango wa mbele huimwaga sakafuni kila ukifunguliwa.

Kwa hiyo msomaji wangu mwenye boti, anza na kadibodi. Na kabla ya hiyo kadibodi, pima mlango wa ngazi: upana, kimo, na ule mshazari wa kuingizia kitu. Mimi sikuupima. Kabati la nguo nililiunda kamili karakanani, likapakwa vanishi tabaka tano, likabebwa na vijana wanne mpaka juu ya sitaha, likazidi mlango kwa sentimita tatu. Hadi leo liko karakanani, tunawekea makopo ya rangi.