Ubunifu Wazi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Kampuni Haijafungua Milango

Mwezi Machi, 2000 kampuni ya uchimbaji wa dhahabu ya Goldcorp ya nchini Canada ilifanya jambo lililowashangaza wengi katika sekta ya madini. Taarifa za kijiolojia za mgodi wake wa Red Lake, zilizokusanywa tangu mwaka 1948 na ambazo kwa desturi ya sekta hiyo hutunzwa kama siri, ziliwekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote duniani akaalikwa kuonesha mahali ambapo dhahabu zaidi ingeweza kupatikana. Zawadi zilizotengwa zilifikia Dola za Marekani 575,000. Washiriki zaidi ya 1,000 walijitokeza na maeneo 110 yakabainishwa, nusu yake yakiwa hayajawahi kutambuliwa na wataalamu wa kampuni yenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya maeneo hayo mapya yalitoa dhahabu ya kutosha.

Mwaka 2003 Profesa Henry Chesbrough wa Marekani aliuita utaratibu wa aina hiyo ubunifu wazi, yaani kampuni kutumia maarifa yaliyo nje ya ofisi na maabara zake, na vilevile kuwaachia wengine maarifa ambayo yenyewe haiyatumii.

Mfano wa Goldcorp husimuliwa mara nyingi, lakini sehemu moja ya msingi huachwa. Kampuni hiyo ilifungua taarifa, haikufungua haki. Haki ya kuchimba katika eneo hilo ilibaki mikononi mwake, hivyo aliyesoma ramani hizo akiwa Australia hakuweza kuja kuchimba. Kiwanda cha dawa au cha chakula hakina kinga ya namna hiyo. Fomula ikishatoka imetoka. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa kampuni ni kipi kinaweza kuwekwa wazi bila kuathiri biashara, na kipi kibaki ndani.

Linalofuata ni kueleza tatizo kwa usahihi. Tangazo linalosema tu kwamba kampuni inakaribisha mawazo mapya huleta mamia ya barua na faida ndogo. Procter & Gamble ya Marekani, ambayo chini ya uongozi wa A.G. Lafley ilijiwekea lengo la kupata nusu ya ubunifu wake kutoka nje, ilipotaka kuchapa picha na maneno juu ya viazi vya kukaanga vya Pringles iliandika maelezo mafupi ya kiufundi na kuyasambaza katika mtandao wa washirika wake. Jibu lilipatikana katika kiwanda kidogo cha mikate mjini Bologna, Italia, ambacho mmiliki wake, profesa wa chuo kikuu, alikuwa tayari amebuni njia ya kuchapa picha zinazolika juu ya keki na biskuti. Bidhaa hiyo iliingia sokoni mwaka 2004.

Kwa kampuni za Tanzania, washirika wa aina hiyo wapo karibu: vyuo vikuu, taasisi za ufundi, wajasiriamali wanaolelewa na SIDO, pamoja na wabunifu wanaofuatiliwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wakiwemo wanaoibuliwa kupitia mashindano ya MAKISATU.

Eneo linalozaa migogoro mingi ni umiliki. Kijana mwenye kifaa alichokibuni huogopa kwamba akikionesha mbele ya wakurugenzi, baada ya miezi sita atakikuta dukani kikiwa na nembo ya wengine. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na kampuni makini huiondoa kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza. Mkataba wa kutunza siri usainiwe na pande zote mbili. Aidha, uelezwe mapema nani atamiliki kitakachozaliwa na ushirikiano, kwa kuwa kugawana umiliki baada ya bidhaa kuanza kuuzwa ni kazi ngumu na ya gharama. Mbunifu naye anashauriwa kupeleka maombi ya hataza Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kabla ya kuutangaza uvumbuzi wake, kwa sababu uvumbuzi uliokwisha kujulikana hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya inayotakiwa kisheria. Ikumbukwe pia kuwa usajili wa BRELA unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake ya usajili.

Iwapo taarifa zinazofunguliwa zinahusu wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inapaswa kuzingatiwa kabla ya faili lolote kutoka nje ya kampuni.

Ndani ya kampuni, kikwazo kikubwa huwa ni wataalamu wanaoona aibu kupokea suluhisho la mtu wa nje. Ni vyema ateuliwe afisa mmoja mwenye mamlaka na bajeti ya majaribio, na awekewe siku za kujibu kila andiko linalopokelewa, hata kama jibu ni kukataa.