Carhaix: Mji Mdogo na Lugha Yake

Wanafunzi wetu huuliza kama Ulaya nayo imewahi kupiga marufuku lugha za wenyeji shuleni. Imewahi. Tutazame Carhaix, mji wa watu wapatao 7,000 katikati ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Kwa Kibretoni, lugha ya Kikelti iliyo ndugu wa Kiwelishi, mji huu huitwa Karaez.

Zamani, mtoto wa Bretagne aliyeteleza akasema Kibretoni shuleni alivikwa shingoni kitu cha aibu, kwa mfano kiatu cha mti. Baadhi ya watu walikiita "ng'ombe". Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake akisema lugha hiyo hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jambo kama hilo kuhusu shule za Kenya, na wengi waliosoma Uganda hawahitaji kusimuliwa.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lilitoka nyumbani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wazazi waliacha kusema Kibretoni na watoto wao, kwa kuwa Kifaransa ndicho kilicholeta kazi. Wasemaji walikadiriwa kuwa milioni moja hivi karibu na mwaka 1950. Uchunguzi wa 2024 ulipata kama 107,000, wengi wao wazee.

Mwaka 1977 wazazi wengine walianzisha shule za Diwan (neno hili halihusiani na diwani wetu, maana yake ni kuchipua). Shule yao ya sekondari ya juu iko Carhaix tangu 1999, na humo hata historia hufundishwa kwa Kibretoni.

Nje ya darasa kuna fest-noz, ngoma ya usiku, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2012. Waimbaji wawili huimba bila ala. Nasi tunajua kuitikia, lakini huku mwitikiaji hangoji mwenzake amalize: huingia kwenye silabi zake za mwisho, kisha hurudia mstari. Hivyo sauti haikatiki, na wachezaji walioshikana mikono hawapotezi hatua. Mjini kuna sanamu ya akina dada watatu wa Goadec, waliosifika kwa uimbaji wa Kibretoni bila ala.

Mwezi Mei 2021 Baraza la Katiba la Ufaransa lilikataa kifungu cha sheria kilichoruhusu masomo kuendeshwa kwa lugha ya eneo katika shule za serikali. Shule za Diwan, ambazo ni za chama cha wazazi, zimeendelea kufundisha.