Kabla ya kusema "ni kweli"

Mzee aliyesimama kizimbani asubuhi ile alikuwa dereva wa pikapu ya mboga, na haja yake ilikuwa moja tu: amalize, arudi sokoni kabla sukuma wiki hazijanyauka. Karani alimsomea shtaka haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kusoma mengine ishirini tangu saa tatu. Kuendesha gari barabarani bila kuwa na leseni ya udereva. Mzee, umeelewa? Ndiyo. Unajibu nini?

"Ni kweli, Mheshimiwa. Leseni sikuwa nayo."

Nilikuwa benchi la pili nikingoja kesi ya mteja wangu itajwe, na jibu hilo likanishtua. Mtu asiye na leseni kabisa hasemi "sikuwa nayo." Husema "sina." Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imeyatenga mambo hayo mawili. Kifungu cha 30 kinamkataza kuendesha gari mtu asiyepewa leseni. Kifungu cha 36 kinamtaka aliyepewa aibebe na kuionyesha polisi akiitaka. La kwanza ni kosa zito. La pili, kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, faini yake ni shilingi 1,000. Mzee alikuwa karibu kutiwa hatiani kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyekuwa akijitia ni yeye mwenyewe, kwa maneno mawili.

Nitarudi kwa mzee. Nimeanza naye kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu aliyeshika karatasi ya kuitwa mahakamani kwa kosa la barabarani, na wote wanaogopa karatasi. Karatasi hiyo si hukumu. Inakuambia unadaiwa kosa gani, na uende wapi, lini, ukajibu. Kesi nyingi za namna hii huamuliwa ndani ya dakika tatu hivi, pale unapoulizwa unajibu nini.

Hata hivyo karatasi isomwe, tena siku ile ile. Unayopewa na trafiki kando ya barabara ni notisi ya kufika mahakamani, nayo hutoka kwa polisi. Samansi yenyewe hutolewa na mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inataka iwe kwa maandishi, iwe na sahihi na muhuri wa mahakama, na itaje kwa ufupi kosa unaloshtakiwa. Usipopatikana, inaweza kuachiwa mtu mzima wa familia yako, kwa hiyo "sikuiona, aliipokea mke wangu" si jibu litakalokufikisha mbali. Tazama namba ya gari, jina la mahakama, tarehe na saa. Kisha tazama kifungu cha sheria kilichoandikwa, maana hicho ndicho utakachojibu, si yale mliyozungumza na afisa pale barabarani. Ipige picha kwa simu. Karatasi hizi hulowa, hupotea, na wino wake hufifia haraka.

Kuhusu dhamana, watu wengi hupoteza haki yao bila kujua. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, pesa hizo ni zako na zinawekwa tu kama rehani ya kwamba utafika, nawe una haki ya kupewa stakabadhi rasmi. Bila stakabadhi hutadai kitu. Kesi ikiisha, unaomba urudishiwe. Ukipigwa faini, unaweza kumwomba hakimu ikatwe humo humo. Na Katiba ya 2010, ibara ya 49(2), inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kupita kiwango cha mwendo kwa kilomita chache, kwa mfano, adhabu yake ni faini. Dereva anayetishiwa kulala ndani wiki nzima kwa sababu ya kilomita kumi zilizozidi ana ibara ya kutaja, na aitaje kwa adabu. Pesa ambazo hazina stakabadhi ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji sawasawa na mpokeaji.

Usipofika, hakimu anaweza kutoa kibali cha kukamatwa na dhamana yako ikachukuliwa na serikali. Jambo la shilingi 1,000 huwa jambo la kutafutwa nyumbani. Ukiwa mgonjwa au uko safarini, mtu wako apeleke barua na ushahidi kwenye masjala ya mahakama kabla ya siku yenyewe. Na ikiwa siku imekwisha kupita, nenda mwenyewe. Fika asubuhi, mwambie karani namba ya kesi, omba faili iitwe, umweleze hakimu ukweli na uombe kibali kiondolewe. Anayekuja kwa miguu yake husikizwa tofauti kabisa na anayeletwa na polisi.

Sasa tufike kizimbani.

Mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mahakimu wetu hufuata njia iliyowekwa humo mtu anapokiri kosa. Shtaka lisomwe na kuelezwa, pamoja na kila kiini cha kosa, katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya kisa: siku gani, barabara gani, nini kilitokea. Mshtakiwa aulizwe tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Akipinga lolote lenye uzito, au akiongeza jambo linaloonyesha huenda hana hatia, jibu lake libadilishwe liwe la kukana na kesi ipangiwe kusikizwa.

Kwa hiyo huulizwi mara moja. Unaulizwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo mlango ambao wengi huupita bila kuuona, kwa kuwa wamekwisha kujiambia mambo yameisha. Maelezo yakisomwa, sikiliza kama unayemsikiliza mtu akisimulia habari zako kwa jirani. Akisema ulikuwa na abiria kumi na wanane nawe ulikuwa na kumi na watano, sema. Lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba inakupa mkalimani bila malipo ikiwa huelewi inayotumika. Usione haya. Nimewaona walimu wa shule wakitikisa kichwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mimi ilinichukua miaka kukizoea.

Na ikiwa kosa umelitenda kweli? Kiri. Naamini hivyo kwa moyo wote, na si kwa sababu ya kuokoa muda tu. Taa nyekundu zina maana, na mtoto anayevuka barabara hana habari na haraka yako. Kwa makosa ambayo adhabu yake ni faini pekee, au faini na kifungo kisichozidi miezi mitatu, sheria hata inaruhusu aliyepewa samansi akiri kwa maandishi bila kufika mwenyewe. Ukifika, hakimu atakuuliza kama una la kusema kabla ya adhabu. Sema machache na ya kweli: ni kosa lako la kwanza, kipato chako ni hiki, una watu wanaokutegemea. Kulaumu trafiki wakati huo hakusaidii kitu.

Faini ikiwa kubwa kuliko mfuko wako, omba muda wa kulipa, usinyamaze. Kanuni ya Adhabu imeweka kifungo cha badala: faini inayozidi shilingi 2,500 lakini isiyozidi 15,000, isipolipwa, inaweza kukupeleka jela hadi miezi mitatu. Kuna watu wanaolala gerezani kwa pesa ambazo ndugu zao wangezichanga jioni moja kwa M-Pesa wangeambiwa mapema. Mwambie mtu unakwenda mahakama gani.

Ukikana, una haki ya kupewa ushahidi mapema na muda wa kujiandaa. Kwa kesi za mwendo kasi, kifungu cha 43 kinasema huwezi kutiwa hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu anayetoa maoni kwamba ulikuwa ukienda mbio. Kwa hiyo uliza kipimo kilikuwa kipi na kilionyesha nini. Rudi mahali penyewe upige picha: kibao cha 50 kilichofunikwa na matawi ya mwarobaini kinaweza kuwa utetezi wako wote. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, lakini aliyekiri huweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Hii nayo ni sababu ya kuyapima maneno yako kabla hayajatoka.

Mzee wa pikapu alipona kwa sababu hakimu wa siku ile alikuwa makini. Maelezo yaliposomwa, mzee alinong'ona, nusu kwa nafsi yake, "Nayo iko nyumbani, kwenye shati." Hakimu akainua kalamu. "Mzee, unasema leseni unayo?" Anayo, tangu ujana wake. Hakimu akafuta, akaandika amekana, na kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili.

Siku hiyo ilipofika alikuja na leseni ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, pamoja na stakabadhi ya dhamana. Mwendesha mashtaka aliitazama mbele na nyuma, akaomba shtaka libadilishwe liwe la kutobeba leseni. Likasomwa upya, polepole mara hii. Mzee alingoja mpaka neno la mwisho, kisha akamtazama hakimu.

"Hilo ndilo la kweli, Mheshimiwa."

Faini shilingi 1,000, ikakatwa kwenye dhamana, na akaelekezwa masjala kuomba salio lake.