King'amuzi chako, ufunguo wao

Chungulia chini ya runinga katika nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta ving'amuzi viwili, wakati mwingine vitatu, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na rimoti zake bado zimo kwenye nailoni zisiingie vumbi. Cha juu kina kifurushi hai. Cha kati kililala tangu mwenye nyumba alipochoshwa na bei. Cha chini kabisa hakuna anayekumbuka kilinunuliwa lini. Ndivyo tunavyohama kampuni za runinga hapa kwetu: hatuhami, tunaongeza.

Sababu ya kwanza ni mpira. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6 ambao Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliusaini mwaka 2021. Ligi Kuu ya England kwa miaka mingi imekuwa SuperSport, maana yake DStv. Baba anayeshabikia Simba na Arsenal kwa pamoja hana pa kuhamia. Akitoka huku anaikosa Dabi ya Kariakoo, akitoka kule wikiendi yake imekwisha. Mama naye ana tamthilia yake ambayo haipatikani kwingine, na watoto wana katuni zao. Tuliambiwa kampuni zikiwa nyingi bei itashuka. Zimekuwa nyingi kweli, zikagawana vipindi, na mteja ndiye anayeviunganisha tena kwa pesa yake.

Sababu ya pili ni kifaa chenyewe. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Tangu hapo runinga bila king'amuzi ikawa pambo la sebuleni. Watu walijipanga madukani, wakalipa, wakapewa risiti. Kwa akili ya kawaida, kitu chenye risiti ni mali ya aliyekinunua. King'amuzi hakiko hivyo. Ndani yake kuna kadi au chipu inayofungua chaneli kwa amri ya kampuni iliyokiuza, na kampuni hiyo peke yake. Kipeleke kwa mshindani wake uone. Utaambiwa kwa upole kabisa ununue cha kwao.

Jambo hili lingeeleweka kama kila kampuni ingekuwa na teknolojia yake. Hawana. Matangazo ya antena yanarushwa kwa kiwango cha DVB-T2, ya dishi kwa DVB-S2, na viwango hivyo hutumika nchi nyingi duniani. Kinachokitenga king'amuzi kimoja na kingine ni kufuli, na kufuli hilo liliwekwa kwa makusudi.

Anayetumia dishi ana kazi nyingine juu ya paa. Azam hurusha matangazo yake kupitia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki, wakati Dar es Salaam yenyewe iko nyuzi 39. Kwa hiyo dishi la Azam huangalia magharibi. Kampuni nyingine ina setilaiti yake mahali pengine angani, na dishi lililokazwa barabara kwa ajili ya moja halioni kitu kwa nyingine. Ndipo anapoitwa fundi. Anapanda kwenye bati na spana mfukoni, analegeza nati, anasukuma dishi kidogo kwa kiganja, anasikiliza. Dirishani amesimama mtoto wa nyumba.

"Imekamata?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imekuja... imekata tena, fundi!"

Mama mwenye nyumba anatoka uani. "Fundi, si ulisema dishi la zamani linafaa?"

"Dishi linafaa, mama, ila kichwa chake kimechoka. Na hii waya imeungwaungwa, mawimbi yanapotelea njiani. Bora tuvute mpya."

Hapo bajeti ya kuhama imeshapanda. King'amuzi kipya, kichwa cha dishi, waya, na ufundi ambao bei yake ni maelewano. Tangazo la barabarani lilitaja bei ya king'amuzi na kifurushi cha mwezi wa kwanza tu.

Mteja anapokuwa amelipia vyote hivyo, kampuni haina haraka naye tena. Pesa inatoka kwenye simu dakika hiyohiyo na ujumbe wa kuthibitisha unaingia, lakini chaneli hazifunguki. Ukipiga huduma kwa wateja, muziki unakuburudisha mpaka salio linaisha. Siku za kifurushi zinahesabiwa hata kama umeme umekatika au dishi limeangushwa na upepo. Na ukiamua kuondoka katikati ya mwezi, siku zilizobaki hubaki kwao.

Wakati mwingine anayehama si mteja, ni chaneli. Agosti 2018 wateja wa baadhi ya ving'amuzi vya dishi waliwasha runinga wakakuta ITV na chaneli nyingine za bure za nyumbani zimeondolewa, kwa sababu ya mvutano kati ya kampuni hizo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu masharti ya leseni. Aliyetaka taarifa ya habari ya saa mbili akalazimika kutafuta king'amuzi cha antena. Hakuwa amefanya kosa lolote, lakini gharama ilikuwa yake.

Upande wa intaneti ya nyumbani, kero ni zilezile zikiwa zimevaa nguo nyingine. Faiba ikiingia mtaani, mawakala hupita nyumba kwa nyumba, wakarimu, wana fomu na kalamu. Mafundi huja siku ya pili, wanavuta waya mwembamba kutoka nguzoni, wanaunga uzi wa kioo kwa mashine yao ndogo, wanabandika kisanduku cheupe ukutani na kukuwekea ruta. Kuingia kumekwisha kabla chai haijapoa. Subiri sasa kasi ishuke, jioni video inazunguka tu, uamue kwenda kwa jirani yao. Kampuni ya pili haiwezi kutumia waya wa ile ya kwanza, kwa hiyo ukuta unatobolewa upya. Kisanduku cha zamani hakitambuliki kwenye mtandao mpya. Ruta ya laini nayo mara nyingi imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine. Kama ulisaini mkataba wa mwaka kwa sababu ulipewa ruta bure, ndipo unapogundua kuwa haikuwa ya bure.

Wengine hawana hata hiyo nafasi ya kuchagua. Nairobi, wapangaji wengi wa ghorofa hutumia kampuni ambayo mwenye nyumba au wakala wake ameikubalia kupitisha waya. Kampuni nyingine inaweza kuwa imefika getini, ikaishia hapo.

Lakini ni hukohuko Kenya tulikoona kinachotokea mlango wa kutokea unapofunguka. Starlink iliingia nchini humo Julai 2023, ikileta intaneti ya setilaiti isiyohitaji nguzo wala ruhusa ya kuvuta waya. Septemba 2024 Safaricom ikaongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani bila kuongeza bei: kifurushi cha megabiti 10 kikawa cha megabiti 15 kwa Sh2,999 zilezile za Kenya, na vifurushi vya juu vikapanda kwa kiwango kikubwa zaidi. Si lazima wateja wote wahame ndipo kampuni ijirekebishe. Inatosha ijue kwamba wanaweza.

Kwamba kuhama kirahisi kunawezekana, sisi wenyewe tumeshaonyesha kwenye simu. Kenya iliruhusu mteja kuhama mtandao na namba yake mwaka 2011, Tanzania ikafuata Machi 1, 2017. Mteja wa hapa huenda kwa kampuni anayoitaka, anatuma neno HAMA, na kampuni mpya ndiyo inayomalizana na ile ya zamani. Hakuna anayembembeleza abaki, wala fomu ya kueleza kwa nini ameondoka. Uingereza walichukua wazo kama hilo wakalipeleka kwenye intaneti ya nyumbani: tangu Septemba 12, 2024, anayetaka kuhama huzungumza na kampuni mpya tu, nayo ndiyo inayoshughulikia kumtoa kule alikokuwa.

Kampuni zitasema runinga na waya si sawa na laini ya simu, na zina hoja. Dishi haligeuzwi kwa ujumbe mfupi. Lakini kufuli la king'amuzi linaondoka kwa kanuni ya ukurasa mmoja. Vilevile siku za kifurushi ambazo hazijatumika zinaweza kurudishwa, kifaa kilicholipiwa chote kinaweza kufunguliwa, na masharti ya kutoka yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu badala ya nyuma kwa herufi za sisimizi.

Kabla hayo hayajaja, mteja ajilinde. Usilipe shilingi kabla hujauliza mambo manne: kifaa hiki ni changu au ni cha kuazima, nikiondoka kabla ya muda nadaiwa nini, siku zilizobaki zinakwenda wapi, na ufundi wote, pamoja na waya, ni bei gani. Majibu yaandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp. Risiti usiitupe. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa kampuni na uombe namba ya kumbukumbu. Wasipokutatulia, lipeleke TCRA ukiwa na namba hiyo mkononi. Lipo pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea wateja. Malalamiko ya kijiweni hayafiki kwenye meza yoyote.

Na TCRA ina deni kwetu. Iliposimamia uzimaji wa analojia ilituambia tununue ving'amuzi, tukanunua. Sasa iwaambie waliotuuzia wavifungue.